DVD za Familia Zinapokataa Kugeuzwa Mafaili: Dalili, Sababu na Namna ya Kurekebisha

Katika nyumba nyingi za Moshi mjini na vijiji vya juu yake, kuanzia Kibosho hadi Marangu, kumbukumbu za familia za miaka ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010 zimelala kwenye DVD: ubarikio wa watoto, sendoff, harusi, jubilei ya ndoa, na mazishi ya babu yaliyorekodiwa kihambani, kwenye shamba la ukoo. Deki zilizokuwa zikizicheza zimekufa moja baada ya nyingine, na laptopu nyingi zinazouzwa siku hizi haziji na draivu ya diski. Ndiyo maana watu wanaazima draivu ya nje, wanapakua programu ya bure, wanaanza kazi kwa matumaini, halafu wanakwama njiani. Nimekuwa nikiwasaidia ndugu, majirani na washarika wenzangu kwa kazi hii kwa miaka kadhaa, na malalamiko wanayoniletea ni yaleyale, kwa hiyo nimeyapanga hapa kwa dalili, kila dalili na sababu zake kuanzia ile inayotokea mara nyingi zaidi.

Mwongozo huu unahusu video zenu wenyewe. Filamu nyingi za kununua dukani huwa na kufuli ya kuzuia kunakili, ambayo HandBrake, programu ya bure ya kubadilisha video tutakayoitumia hapa, yenyewe haiifungui, na kazi hizo zina wenyewe wanaolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Kabla ya dalili yoyote: toa nakala nzima ya diski

Jambo ambalo ningependa kila msomaji alishike kabla ya kuendelea ni kwamba kugeuza DVD kuwa faili ni kazi mbili zilizofungwa kwa kamba moja. Ya kwanza ni kusoma data kutoka kwenye diski, na ya pili ni kuibana video iliyosomwa na kuiandika upya kama faili la MP4 au MKV. Unapoiagiza programu ibadilishe video moja kwa moja kutoka kwenye draivu, kazi hizo mbili zinakwenda pamoja, na diski ikisita kidogo tu, ubadilishaji nao unaharibika, kisha lawama zote zinaiangukia programu. Katika diski zilizopita mikononi mwangu, sehemu kubwa ya matatizo yaliyoitwa matatizo ya programu yalikuwa matatizo ya kusoma.

Kwa sababu hiyo, tenganisha kazi hizo. Kwanza nakili diski nzima iwe faili moja la ISO ndani ya kompyuta, kisha itoe diski, irudishe kwenye kava lake, na ufanye mengine yote kutoka kwenye faili hilo. Katika Windows, ImgBurn inafanya kazi hiyo vizuri kwa diski zilizo nzima. Katika Linux, ddrescue ndiyo ninayoiamini zaidi. HandBrake na VLC, programu ya kuchezea video, zote mbili zinafungua faili la ISO kama vile zinafungua diski yenyewe. DVD ya kawaida hubeba GB 4.7 na ile ya tabaka mbili hubeba GB 8.5, kwa hiyo hakikisha kompyuta ina nafasi ya kutosha, walau mara mbili ya ukubwa wa diski.

Programu zote nilizozitaja ni za bure, na hupaswi kulipa chochote. Zipakue kutoka tovuti za watengenezaji wenyewe, ambayo kwa HandBrake ni handbrake.fr, kisha ulinganishe namba za uhakiki (checksum) zinazotolewa pamoja na faili, ambazo huonyesha kama limebadilishwa. Tahadhari hii ina sababu: Mei 2017 seva mojawapo ya kupakulia HandBrake ya kompyuta za Mac ilivamiwa, na kwa siku kadhaa watu waliopitia seva hiyo waliweza kupewa toleo lililotiwa kirusi.

Draivu inazunguka, lakini kompyuta haioni diski

Weka diski nyingine ambayo unajua kwa hakika kwamba ni nzima. Ikisomeka, tatizo liko kwenye diski. Isiposomeka, tatizo liko kwenye draivu au waya wake. Jaribio hili linachukua dakika moja, na nimeona watu wakifuta na kusakinisha programu upya jioni nzima kwa sababu hawakulifanya.

Kama tatizo ni draivu, sababu ya kwanza huwa ni umeme mdogo. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampia 500, na draivu nyingi huhitaji zaidi ya hapo pale zinapoanza kuzungusha diski. Utaisikia ikijaribu, ikitoa mlio mdogo, ikinyamaza, kisha ikijaribu tena. Iunganishe kwenye kompyuta moja kwa moja bila kupitia kigawanyio, jaribu tundu lingine, na ikiwa draivu ilikuja na waya wenye ncha mbili za USB, chomeka zote mbili. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma. Sababu ya pili ni vumbi kwenye lenzi, na kiangazi chetu cha Januari na Februari kinaleta vumbi la kutosha. Puliza kwa kipulizio cha mkono cha kusafishia kamera, wala usitumie mdomo, kwa kuwa mate hutua kwenye lenzi. Ikiwa hata baada ya hapo draivu haisomi diski yoyote, leza imechoka, na kununua draivu nyingine ni nafuu kuliko kuitengeneza. Usifungue boksi la draivu ikiwa na umeme ili uone inavyofanya kazi. Leza iliyomo huwa salama kwa sababu tu imefungiwa ndani, na macho hayana vipuri.

Kama tatizo ni diski, anza na usafi. Tumia kitambaa laini cha pamba kisichotoa nyuzi. Mimi natumia kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi. Futa kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe usizungushe, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko wa data ni mgumu zaidi kusahihishwa na draivu kuliko ule unaoikata data kwa upana. Diski zilizokaa kwenye nyumba za baridi na ukungu, hasa baada ya masika, huota madoa meupe ya kuvu. Hayo hutoka kwa maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya maji ya vyombo, kisha suuza, kausha kwa kugusagusa, na uiache diski ipate hewa kivulini. Thina, petroli na dawa za kuondoa rangi ya kucha huyeyusha plastiki.

Sababu nyingine, ambayo huwashangaza wengi, ni diski ambayo haikufungwa. Deki za kurekodia na kamera zilizoandika moja kwa moja kwenye DVD ndogo zilihitaji hatua ya mwisho ya kuifunga diski, ndipo mashine nyingine iweze kuisoma. Aliyerekodi asipofanya hivyo, diski hucheza kwenye mashine ileile tu, na kompyuta huiona kuwa tupu. Hapa kuna hatari ya kweli: Windows inaweza kukuuliza kama unataka kuiandaa diski hiyo kwa matumizi mapya. Kataa. Geuza diski uangalie upande wa chini kwenye mwanga wa dirishani. Sehemu iliyoandikwa huonekana kama pete yenye rangi tofauti kidogo kuanzia katikati. Ukiiona pete hiyo, diski si tupu. Tafuta deki au kamera iliyotumika, ingia kwenye menyu yake, na uifunge diski humo. Mashine hiyo ikiwa haipo tena, simama hapo na upeleke diski kwa mtaalamu wa kuokoa data.

Ukiona ufa unaoanzia kwenye tundu la katikati, usiiweke diski hiyo kwenye draivu hata mara moja. Diski huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, na yenye ufa inaweza kupasukia ndani na kuharibu vyote viwili. Lebo ya karatasi iliyobanduka nusu nayo ni hatari, kwa sababu inayumbisha diski na inaweza kunasa ndani ya draivu, lakini usiivute kwa nguvu. Punguza kwa mkasi sehemu inayoning'inia tu.

Diski inafunguka, lakini HandBrake inasema hakuna chanzo cha video

Fungua diski kama folda na utazame kilichomo. Ukiona folda iitwayo VIDEO_TS yenye mafaili ya VOB (ndiyo yenye video) na IFO, hiyo ni DVD ya video. Ukiona folda iitwayo MPEGAV yenye faili kama AVSEQ01.DAT, hiyo ni VCD, ambayo wapiga video wetu waliitumia sana kwa sababu diski zake zilikuwa rahisi, na wenye nyumba wengi huita kila diski DVD. Nakili faili hilo la DAT kwenye kompyuta na ulifungue kwa VLC. VLC yenyewe inaweza kulihifadhi kama MP4 kupitia menyu yake ya kubadilisha. Usishangae picha ikiwa na ukungu, kwa sababu VCD ya mfumo wa runinga wa PAL, unaotumika kwetu, ina nukta 352 kwa 288 tu, na hakuna programu itakayorudisha ambacho hakikuandikwa. Na ukiona mafaili ya MP4 au AVI yaliyowekwa tu kwenye diski, kazi imekwisha: yanakili, basi.

Ikiwa VIDEO_TS ipo lakini HandBrake bado inakataa, kwa kawaida mafaili ya IFO, ambayo ndiyo ramani ya diski, hayasomeki vizuri. DVD hubeba nakala ya akiba ya ramani hiyo kwenye mafaili yanayoishia na BUP. Nakili folda nzima kwenye kompyuta, kisha nakili BUP yenye jina lilelile na ubadilishe mwisho wake uwe IFO.

Kazi inakwama palepale kila mara, au picha inakatikakatika vipande vya mraba

Hii ndiyo dalili ninayoletewa kuliko zote, na inastahili subira kuliko zote.

Mama mmoja kutoka Kibosho aliniletea diski ya sendoff ya binti yake. Juu yake tarehe ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu ya wino mzito, na chini kulikuwa na mkwaruzo mmoja mrefu wenye umbo la mwezi mchanga. Kijana wa jirani alikuwa amejaribu mara sita, na kila mara kazi ilisimama kwenye dakika ya 41, pale baba wa binti anaposimama kutoa nasaha. Baba huyo alikuwa amekwisha kufariki. "Mwanangu," aliniambia, "hayo mengine hata yakipotea, nipatie hiyo sauti." Nikamjibu, "Mama, tuiache ilale humo usiku kucha, tusiikimbize." Asubuhi maneno yote yalikuwepo, na palikuwa na mtikisiko wa picha wa chini ya sekunde moja, mahali paliposhangiliwa.

Kilichofanya kazi ni namna ya kusoma. Programu za kawaida zikifika kwenye sehemu mbovu hung'ang'ania hapohapo, zinairudia hadi zichoke, kisha zinaacha kila kitu. Programu ya ddrescue hufanya kinyume: inachukua kwanza sehemu zote nzima, inayaruka mabovu na kuyaandika kwenye faili la ramani, halafu inarudi kwenye yale mabovu peke yake. Katika Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, kifurushi chake kinaitwa gddrescue, na amri ni hizi mbili, moja baada ya nyingine:

ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 sendoff.iso sendoff.map

ddrescue -d -r 3 -b 2048 /dev/sr0 sendoff.iso sendoff.map

Namba 2048 ni ukubwa wa sekta moja ya DVD kwa baiti. Amri ya kwanza huchukua yaliyo rahisi, na ya pili hurudia mabovu mara tatu. Kwa sababu ya faili la ramani, umeme ukikatika au ukiamua kusimama, utaanzia pale ulipoishia. Na hili hapa lina thamani kubwa: unaweza kuhamisha diski kwenye draivu nyingine kabisa na kuendelea na ramani ileile. Draivu mbili hazifanani macho; sehemu iliyoishinda moja, nyingine huisoma bila taabu. Mimi nina draivu tatu za zamani kwa ajili hiyo tu, na ninawashauri watu waazime ya pili kabla ya kukata tamaa. Mwenye Windows peke yake anaweza kuiwasha kompyuta kwa Ubuntu iliyo kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo.

Usiogope ukiona bado kuna sekta zilizobaki mbovu. DVD husahihisha makosa kwa mafungu ya sekta 16, yaani takriban KB 32, na kwa video ya kawaida ya megabiti 5 kwa sekunde fungu moja ni kama sehemu ya ishirini ya sekunde. Hata hivyo jicho huona zaidi ya hapo, kwa sababu picha nyingi kwenye DVD hujengwa juu ya picha iliyotangulia, na kasoro huendelea hadi ifike picha kamili inayofuata, ambayo kwa kawaida haizidi fremu 15, yaani picha 15, mbele. Ndiyo maana unaona vipande vya mraba kwa nusu sekunde au zaidi kidogo, kisha picha inatulia.

Ukishapata ISO, ifungue HandBrake na ubadilishe kutoka humo. Kama bado inasimama, fungua ISO hiyo kwa VLC uone kama nayo inakwama dakika hiyo. Ikiwa VLC inapita, hifadhi kwa VLC.

Kusugua diski kwa dawa ya meno kumeenea sana mitaani. Siwezi kukushauri uifanye kwenye diski ambayo haina nakala. Mkwaruzo wa upande wa chini ukiwa mwepesi unaweza kung'arishwa kwa mashine, kwa sababu data ya DVD iko katikati ya diski, karibu milimita 0.6 kutoka kila upande, lakini mkono hauwezi kung'arisha kwa usawa. Na ikiwa upande wa chini umebadilika rangi kwa mabaka, kama diski zilizokaa dirishani au kwenye dashibodi ya gari, basi tabaka la rangi linalobeba data limeungua, na kung'arisha hakutasaidia kitu. Hapo ni ddrescue na draivu tofauti tofauti, kisha mtaalamu.

Simama mara moja ukisikia draivu ikigonga kwa mdundo, au ukinusa harufu ya plastiki ya moto.

Imetoka sehemu moja tu ya sherehe

Hapa hakuna kilichoharibika. Mpiga video aligawa kazi yake: kanisani, picha za bustanini, ukumbini. HandBrake ikifungua diski huchagua sehemu iliyo ndefu kuliko zote, na hiyo kwa harusi zetu ni ukumbi. Fungua orodha iliyoandikwa Title, uone sehemu nyingine, na uziongeze zote kwenye foleni. Vilevile usibadilishe mafaili ya VOB moja moja. Kila VOB imewekewa kikomo cha GB 1, na inakatwa pale inapojaa, hata kama mchungaji yuko katikati ya neno.

Midomo na sauti haviendi pamoja

Cheza faili kwa VLC na utumie vitufe vya J na K, ambavyo husogeza sauti kwa milisekunde 50 kila unapobonyeza. Kisha ruka hadi karibu na mwisho. Ikiwa marekebisho uliyofanya mwanzoni bado yanafaa mwishoni, ucheleweshaji ni wa kudumu, na mara nyingi ulikuwemo kwenye diski tangu mwanzo. Rekodi tu tofauti hiyo na uirekebishe katika programu ya kuhariri. Ikiwa tofauti inakua kadiri video inavyokwenda, picha au sauti zimepotea njiani. Sababu ya kwanza ni kusoma moja kwa moja kutoka kwenye diski yenye mikwaruzo, na dawa yake ni ISO. Ya pili ni kuunganisha VOB kwa mkono. Ya tatu ni kasi ya fremu: diski nyingi zilizotengenezewa hapa ni za mfumo wa PAL, fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo weka 25 na uchague kasi isiyobadilika. Diski iliyotumwa na ndugu aliyeko Marekani huenda ikawa ya mfumo wa NTSC, fremu 29.97, nayo iachwe hivyohivyo.

Sauti inasikika sikio moja, au haipo

Kabla ya kugusa mipangilio, cheza diski ya asili. Wapiga video wengi walichomeka maikrofoni upande mmoja tu wa kamera, hivyo sauti iko kushoto peke yake. Katika ukurasa wa sauti wa HandBrake, chagua mchanganyo wa mono unaochukua upande wa kushoto tu, na sauti itatoka pande zote mbili kwa nguvu sawa. Sauti ikiwa haipo kabisa kwenye simu lakini kwenye kompyuta ipo, umeacha sauti ya asili ya AC-3 ipite kama ilivyo, na simu haiijui, chagua AAC.

Michirizi kama meno ya kitana watu wanapocheza

Simamisha picha pale matarumbeta yanapoingia ukumbini na watu wanainua mikono. Kila mkono utaonekana umechanwa kwa mistari ya mlalo, ilhali ukuta wa nyuma ni safi. Kamera za wakati ule zilirekodi kila fremu kwa nusu mbili, mistari ya witiri kwanza na ya shufwa baadaye au kinyume chake, kwa hiyo mwendo wa mkono unaangukia katika nyakati mbili tofauti. Runinga za kioo kinene zilichora nusu hizo moja baada ya nyingine na jicho halikuona kitu. Skrini za leo huzichora pamoja. Katika ukurasa wa vichujio, pale palipoandikwa Deinterlace, chagua Decomb au Yadif. Kwa michezo na ngoma napendelea Yadif kwa namna ya Bob, pamoja na kasi ya fremu 50, kwa sababu kila nusu inakuwa fremu yake na mwendo unakuwa laini. Faili litaongezeka kidogo, nami naona inastahili.

Michirizi ikishaingia kwenye faili lililobadilishwa na kupunguzwa ukubwa, haitoki tena vizuri. Rudi kwenye ISO.

Nyuso zimerefuka au zimetanuka

Picha ya DVD ya PAL huhifadhiwa kwa nukta 720 kwa 576, lakini nukta hizo si mraba kamili; runinga huzinyoosha zionekane kwa uwiano wa 4 kwa 3 au 16 kwa 9. Baadhi ya simu na runinga hupuuza maelekezo hayo. Katika ukurasa wa vipimo, zima Anamorphic, na faili litaandikwa kwa nukta za mraba: 768 kwa 576 kwa picha ya 4 kwa 3, au 1024 kwa 576 kwa picha pana. Usiongeze vipimo hadi 1080. Utapata faili zito lisilo na undani wowote wa ziada.

Picha imefifia, au faili ni kubwa kupita kiasi

Tumia mizani ya Constant Quality. Namba ndogo ni ubora mkubwa na faili kubwa. Kwa DVD, kati ya 18 na 22 panatosha, na mimi naanzia 20. Diski iliyobebeshwa saa nne ilikuwa na megabiti takriban 2.6 kwa sekunde, nusu ya ile ya saa mbili, kwa hiyo ukungu mwingine ulikuwemo tangu studio. Studio iliyopiga video ikiwa bado ipo, waulize kwa adabu kama wanazo kanda za awali kabla ya kuhangaika na diski.

Umeme ulikatika, na faili halifunguki

Faili la MP4 huandikiwa orodha ya yaliyomo mwishoni kabisa mwa kazi, na likikatizwa kabla ya hapo, programu nyingi za kuchezea video hazijui pa kuanzia hata kama GB nzima imekwisha kuandikwa. Kulikarabati kunawezekana lakini kunachosha. Ikiwa ISO ipo, badilisha upya. HandBrake ikifunguliwa tena huuliza kama irudishe foleni iliyokatizwa. Mahali ambapo umeme hauaminiki, andika kwa MKV, ambayo hata ikikatizwa sehemu iliyokwisha kuandikwa huchezeka, kisha uigeuze MP4 siku nyingine. Laptopu ikijizima yenyewe huku umeme upo, shika upande wa tundu la hewa: ukiwa wa moto kiasi cha kuondoa mkono, feni imejaa vumbi, na hiyo ni kazi ya fundi kabla ya video nyingine yoyote.

Faili zuri, lakini flashi au runinga inalikataa

Flashi nyingi huja na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4, hata kama nafasi ipo tele. Iandae upya kwa exFAT baada ya kuondoa vilivyomo, au, kama runinga haiijui exFAT, gawa sherehe katika mafaili mawili kwa kufuata sura (Chapters) za DVD. Runinga ikionyesha jina bila picha, umetumia H.265, namna mpya zaidi ya kubana video, rudi kwenye H.264 na sauti ya AAC, mchanganyiko unaokubaliwa na karibu kila kifaa.

Ukipeleka kwa mtaalamu

Diski yenye ufa, isiyofungwa, iliyounguzwa na jua, au ambayo draivu mbili tofauti zimeshindwa kuisoma kwa usiku mzima kila moja, isiendelee kuzungushwa nyumbani. Muulize mtaalamu kwanza kama atasoma bila kuandika chochote kwenye diski, na malipo ni kiasi gani asipopata kitu. Mpelekee diski ikiwa wima ndani ya kava gumu, pamoja na faili la ISO na lile la ramani ulilokwisha kupata, ili aanzie kwenye sekta zilizobaki.